Jumatano Mchana Tumefunga

Hakuna kazi ngumu kama kusimama getini kwa watu huku ukijifanya humsubiri mtu. Sindano alikuwa amekwisha fungua mkoba na kuufunga, amepangusa kwenye sketi vumbi ambalo halikuwapo, na amelisoma bango la "Mbwa Mkali" mpaka mbwa mwenyewe, ambaye hakuwa mkali hata kidogo, akaja kumnusa viatu, akamwonea huruma, akaenda zake kulala kivulini.

Viatu vilikuwa vipya, na vilimbana vidole kana kwamba vina kisasi naye. Alivivaa kwa sababu leo yeye na mchumba wake Koki walikuwa wanakuja kuiona nyumba. Vyumba viwili, jiko, na pembeni kijumba kimoja kidogo chenye dirisha kubwa linalotazama jua la asubuhi. Alipokiona kwa mara ya kwanza, Sindano aliona cherehani yake imeshakaa pale, na Koki anapita mlangoni na kikombe cha chai.

"Binti, huyo mwenzio yuko wapi?" Mama mwenye nyumba alichungulia tena, ufagio mkononi.

"Yuko njiani, mama."

"Hiyo njia ndiyo kwanza inachongwa, au?"

Sindano alicheka, lakini kicheko kiliishia kwenye meno.

"Mimi sikufukuzi," mama akaendelea, akipunguza sauti. "Ila jioni kuna mume na mke wanakuja, na wanaonekana wana haja kweli. Wewe nimekutanguliza kwa sababu ya lile gauni la binti yangu. Lakini wakifika kabla hujanipa neno, mwanangu, tusije tukanuniana."

"Hatutanuniana, mama. Anakuja."

Hapo hapo simu ikalia. Sindano akaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Sindano wangu!" Sauti ya Koki ilihema kama ya mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni. "Usinichukie. Hospitali tena. Bomba kuu la wodi ya wazazi limepasuka. Kina mama wamebeba vichanga juu ya vichwa!"

"Koki, hata leo?"

"Nifanyeje, roho yangu? Watoto wachanga wale, hata kuogelea hawajui. Mwambie huyo mama tutakuja kesho."

"Kesho atakuwa na wapangaji wengine."

"Basi itazame wewe, utanisimulia. Macho yako ndiyo macho yangu." Simu ikakatika.

Mama mwenye nyumba alijifanya anafagia mahali alipokwisha fagia. "Amepata dharura?" aliuliza kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma Sindano kuliko swali lenyewe.

"Narudi sasa hivi, mama. Nabadili viatu tu."

*

Mtaa mzima uliwajua hawa wawili kwa majina yao ya kazi, na ya utani. Sindano alikuwa mwembamba, mkali wa jicho na wa ulimi, na fundi ambaye watu walisema angeweza kumshonea mbu shati na bado akaacha nafasi ya tumbo kwa siku atakayoshiba. Koki naye alikuwa fundi bomba, hakukuwa na bomba mtaani ambalo hakulishika, na akishafungua mdomo, kuufunga ilikuwa kazi.

Lakini kila mmoja alikuwa na ugonjwa wa kazi yake. Wa Sindano ulikuwa mkasi. Mteja akileta kitambaa leo, anakikata leo leo, hata kama hana nafasi ya kukishona mpaka mvua zibadilike. Kitambaa kilichokatwa hakiendi kwa fundi mwingine. Mteja ataweka wapi aibu ya kubeba mikono miwili na nusu ya mgongo? Duka likajaa vipande hadi darini. Mama mmoja alifuata gauni la binti yake la kumalizia shule, akaja na binti mwenyewe, na binti alikuwa amebeba mtoto.

Ugonjwa wa Koki ulikuwa maneno mawili: niko njiani. Aliyasema akiwa kitandani. Aliyasema akiwa na povu la sabuni masikioni. Wateja wanne waliamini kwa wakati mmoja kwamba anakata kona ya kwao, naye akiwa kwa mteja wa tano, kalala chini ya sinki.

Kwa miezi mingi walipendana kwa kupungiana mikono tu, mmoja akikimbia huku na mwingine kule. Ndipo siku moja, wamekaa juu ya marobota ya vitambaa dukani kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa, Koki akamshika mkono.

"Tutaoana lini sisi, tukiwa tumestaafu?"

"Wewe ndiye huna muda."

"Na wewe unao?"

Wakatazamana. Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, maana jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Wakaapiana pale pale: Sindano hatatia mkasi kitambaa ambacho hayuko tayari kukishona wiki ile ile, na Koki hatasema yuko njiani kama mguu hauko njiani. Na Jumatano mchana isingekuwa ya mteja yeyote duniani. Ingekuwa yao.

Sindano aliandika kibao kwa mkono wake: Jumatano mchana tumefunga. Usigonge. Hoteli ilipomletea kazi ya kushona sare za wahudumu wote, kwa sharti kwamba vipimo vitakuwa Jumatano mchana, alimtazama meneja usoni akasema hapana. Meneja alidhani hakusikia vizuri, akarudia. Naye akarudia hapana. Usiku ule alilia kidogo kwa ajili ya ile kazi, kisha akalala vizuri, kwa sababu alijua alichokinunua kwa ile hapana.

Jumatano za mwanzo zilikuwa asali. Walitembea bila kwenda popote. Koki alimtazama kama mtu aliyepewa maji baada ya safari, na akizima simu zake zote mbili alifanya hivyo kwa madaha, mbele yake, ili aone.

Kisha hospitali ikaanza kupasuka. Jumatano moja wodi ya wazazi, Jumatano nyingine jiko, mara chumba cha upasuaji. Kwa mafuriko aliyosimulia Koki, madaktari wangekuwa wanawafikia wagonjwa kwa mtumbwi. Na Sindano alimwamini. Alimwamini mpaka akajivuna. Aliwaambia wateja wake, "Mchumba wangu anaokoa watoto," huku yeye amekaa peke yake nyuma ya kibao kinachosema tumefunga.

*

Nyumba aliyokulia, nyumba ya shangazi yake, haikuwa mbali. Nyuma ya soko tu. Shangazi huyu, dada mkubwa wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Alikuwa muuguzi mkuu hadi alipostaafu, na hata sasa akikuambia "kaa" unakaa kwanza, ndipo unatafuta kiti.

Shangazi hakumpenda Koki tangu mwanzo. "Mwanamume mwenye simu mbili anaishi wapi hasa?" alikuwa akisema. "Na mikono ile! Mtu anayeshika mabomba ya watu mchana kutwa atakushika wewe na nini?" Bomba la jikoni kwake lilipoanza kuvuja, Sindano alimwomba amruhusu Koki alitazame, apate kumzoea. Shangazi alikunja uso kana kwamba ametajiwa nyoka. "Huyo asikanyage jikoni kwangu."

Kwa hiyo Sindano aliposogea mlango wa nyuma, viatu vimeshaingia mkononi, miguu mitupu juu ya saruji ya moto, na akasikia kicheko cha mwanamume jikoni, alifikiri ni jirani.

Kisha kicheko kikarudi, na akakijua. Alikijua kama mtu anavyojua mlango wa kwao gizani.

Alisimama kwenye ujia, akachungulia. Miguu miwili ilikuwa imechomoza chini ya sinki. Soksi zile, moja alikuwa ameiziba tundu yeye mwenyewe, kwa uzi wa bluu kwa sababu mweusi uliisha. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, birika la chai pembeni, sahani ya maandazi magotini, na uso wake ulikuwa umelainika vile ambavyo Sindano hakuwa ameuona kwa miaka.

"...basi yule daktari akaniambia, sista, mgonjwa ametoroka na kitanda!" Shangazi alikuwa akimalizia hadithi, na miguu chini ya sinki ikatikisika kwa kucheka.

Sindano alirudi hatua nyuma. Akatoa simu, akapiga.

Chini ya sinki pakaanza kuimba.

"Ni yeye huyo," Shangazi akasema upesi. "Mwambie maji bado."

"Ndiyo, mpenzi!" Koki akahema papo hapo, kama mtu aliyewasha mashine ya kuhema. "Siwezi kusema sana, hapa maji yamefika magotini!"

Sakafu ya jikoni ilikuwa kavu kiasi kwamba paka alikuwa amelala juu yake.

"Magotini kwa nani?" Sindano akauliza, akaingia.

Sauti ilimfikia Koki mara mbili, moja kwa simu na moja kwa hewa. Alikurupuka, akagonga kichwa kwenye sinki hadi vijiko vikaruka, paka akaruka, na andazi moja likaviringika mpaka mlangoni likasimama miguuni pa Sindano.

Shangazi aliweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeweka kitu kisichotakiwa kuamka.

"Kina mama wako wapi?" Sindano alisema. "Wale waliobeba vichanga juu ya vichwa. Nimekuja kuwasaidia."

"Sindano..."

"Nionyeshe mtoto mmoja tu, Koki. Mmoja, aliyelowa."

Koki alitoka chini ya sinki akijishika kichwa. Macho yake yalimtafuta, yakampata, yakaanguka. Macho yale yale aliyokuwa akimtazama nayo Jumatano za asali.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Ukifika njiani?"

"Sikilizeni," Shangazi akaingilia kwa sauti ya wodini. "Hapa hakuna aliyekufa. Bomba limeharibika, fundi ameitwa, fundi amekuja."

"Fundi ambaye asikanyage jikoni kwako."

Shangazi akanyamaza. Lilikuwa jambo la nadra, hata paka aligeuka kumtazama.

"Aliniita mwenyewe," Koki akasema, maneno yakaanza kumtoka kwa kasi. "Mara ya kwanza nilifurahi, nilifikiri baridi imevunjika. Akaniambia, ukitaka nikubali umuoe mtoto wa kaka yangu, nionyeshe kwamba unaweza kunitunza na mimi. Lakini usimwambie, nataka nikujue bila yeye. Sasa ningesema nini? Ni shangazi yako. Ni mama yako, kwa kweli. Nilikuwa natafuta kibali!"

"Kibali cha kunioa umekitafuta kwa kunikimbia?"

"Na bomba lenyewe halisikii! Nalikaza, wiki inayofuata limelegea. Nimelikaza mpaka nikaanza kuogopa kwamba mkono wangu umekwisha."

Shangazi alikohoa. "Nalilegeza mimi," alisema, akitazama dirishani. "Jumanne jioni. Nina spana yangu."

Koki alifungua mdomo na, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hapakutoka kitu. Halafu: "Shangazi! Nimekesha nikiliwaza bomba hili!"

"Nyamaza, Koki," Sindano alimwambia. "Hapa anayelia ni mimi." Na kweli machozi yalikuwa yameanza, lakini sauti yake ilikuwa imenyooka. "Na hospitali? Hospitali ni ya nani?"

Koki alimtazama Shangazi. Shangazi aliitazama sahani.

"Ni yake," Koki akanong'ona. "Alisema nikikwambia wodi ya wazazi, utanihurumia, hutauliza."

Sindano aliketi. Aliyafahamu maumivu ya kudanganywa na mtu mmoja, kila mtu anayafahamu. Lakini hawa wawili walikaa pamoja, kwa chai, wakapanga ni uongo upi utamkaa vizuri, kama wanampima gauni.

"Kwa nini, Shangazi?"

"Nilitaka umwone alivyo." Mwanamke mzima aliinua kidevu. "Sikumfunga kamba. Nilipiga simu tu. Kila Jumatano nilijiambia, leo akisema hapana, leo akisema mama nisamehe, huu ni muda wa mwanao, nitamkubali na nitacheza harusini mpaka kiuno kiniteguke. Hakusema. Hata leo, na alijua mna nyumba ya kuangalia. Muulize kama hakujua."

Sindano alimgeukia Koki. Hakumuuliza. Alimtazama tu.

"Nilijua," Koki akasema. "Nilidhani nitamaliza upesi, nikimbie."

Hilo ndilo lililoingia ndani. Uongo wa hospitali ulimkata juu juu. Hili lilifika mfupani. Alikuwa amesema hapana kwa hoteli nzima kwa ajili yake. Koki hakuweza kumwambia hapana bibi mmoja mwenye spana.

"Haya, umenionyesha," alimwambia Shangazi. "Ahsante. Lakini usiniambie ulikuwa unampima yeye peke yake. Nimesimama pale mlangoni nikakuona ulivyokuwa unacheka. Mtu hacheki hivyo na mtu anayemtega."

Uso wa Shangazi ulibadilika. Ukali wote ulishuka, na chini yake palikuwa na bibi aliyechoka.

"Miaka yote nilisubiri ufunge duka mapema siku moja," alisema. "Siku moja tu. Sikuomba, kwa sababu kila nikipita nakuta umezama kwenye vitambaa, nikasema, siku mtoto huyu akipata nafasi, tutakaa. Ukaja ukapata. Ukaweka na kibao. Na hukuja kwangu." Alipangusa makombo magotini, ingawa hayakuwapo. "Basi nikamchukua yeye. Anacheka vizuri. Ni mjinga, lakini anacheka vizuri."

Kama angesema hayo mwanzoni, Sindano angemkumbatia. Sasa yalimfikia akiwa ameshalowa. Yalikuwa kweli, na yalimuuma kwa sababu yalikuwa kweli, na bado hayakufuta kitu.

"Ungeniomba," alisema.

"Ningekuomba muda kama ombaomba?"

"Kuliko kuuiba, ndiyo."

Aliinuka. Aliviacha viatu vipya pale pale sakafuni, akavaa ndala zake zilizokuwa nyuma ya mlango. Koki akawahi kuziba njia, mikono imejaa grisi, hathubutu kumgusa.

"Jumatano ijayo, Sindano. Naapa. Nitavunja simu zote mbili mbele yako. Tutaanza upya."

Sindano alimtazama. Alimpenda, hilo halikuwa limeondoka, lilikuwa limesimama pale pale kifuani, zito, halijui liende wapi. Alitaka Koki aseme jambo ambalo lingempa yeye sababu ya kubaki. Koki alipangusa grisi kwenye suruali. Akasema:

"Ila nielewe. Sikuwa na mwanamke mwingine."

"Angekuwa mwanamke mwingine ningejua nimezidiwa na nini," Sindano akasema. "Nipishe."

Akampisha.

"Na mimi?" Shangazi aliuliza kutoka kwenye kigoda, sauti ndogo. "Unaniacha?"

"Nitakuja kukuona. Siku nitakayoichagua mwenyewe, na nitakwambia kabla." Alifika mlangoni, akasita. "Na uache kulilegeza hilo bomba. Litapasuka kweli."

*

Jua lilikuwa limeinama alipofika getini. Mume na mke walikuwa hawajafika. Mama mwenye nyumba alimtazama macho, akatazama ndala, akatazama nyuma yake kama kuna mtu anayefuata, akauacha ufagio.

"Pole," alisema tu.

"Naomba nikione tena kile chumba kidogo."

Alifunguliwa. Chumba kilikuwa kitupu, kina harufu ya chokaa, na mwanga wa mwisho ulikuwa umepanda ukutani. Sindano alikwenda dirishani akaanza kulipima kwa shubiri, mkono juu ya mkono, kwa ajili ya pazia.

"Mlisema mtakuwa wawili," mama alisema, akiegemea mlango.

"Mimi na cherehani."

"Cherehani inapiga kelele?"

"Jumatano mchana haingurumi. Siku nyingine utanivumilia."

Mama alicheka, akatoa ufunguo kwenye mfuko wa gauni, akauweka juu ya kizingiti cha dirisha, karibu na mkono wake. Hawakuwa wamemaliza kuongea habari za maji na umeme pale geti lilipogongwa kwa nguvu, na mbwa asiye mkali akajikokota kwenda kuangalia.

Mama alitoka. Alirudi baada ya muda mfupi, uso umejaa huruma na udadisi kwa viwango sawasawa.

"Kuna kijana, ana grisi mpaka masikioni, amekimbia mpaka hawezi kusema. Anasema mko pamoja. Nimfungulie?"

Kupitia dirishani Sindano alimwona. Alikuwa ameshika vyuma vya geti kwa mkono mmoja, kifua kinapanda na kushuka, safari hii kwa pumzi za kweli. Mkono wa pili ulishika viatu vipya alivyoviacha Sindano jikoni, kimoja kimemponyoka, anainama kukiokota. Moyo wa Sindano ulimvuta kama uzi uliokazwa mno, na kwa kitambo alisimama bila kujua mguu upi utatangulia.

Hesabu ya shubiri ilikuwa imempotea. Alirudisha mkono kwenye kona ya dirisha.

"Mwambie nyumba imeshapata mtu," alisema, akaanza kupima upya.